Sheria ya Torunn

Torunn ndiye aliyeipigania sheria ile. Enzi hizo bintiye Ragna alikuwa mdogo, akishika mkia kila shindano la skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, huku watoto wa vilabu vikubwa vya mjini wakija kuzoa vikombe vyote vya bonde lao. Torunn akasimama kwenye mkutano wa vilabu vya bonde, akawaka: mashindano madogo yaachiwe wanaochipukia, mwenye alama za juu asiandikishwe, na yale makubwa, kila klabu ipeleke watano tu. Alipigiwa makofi, akachaguliwa mwenyekiti.

Sasa Ragna ana miaka kumi na mitano, na amekuwa hodari. Mashindano madogo yamemfungia mlango, na klabuni yeye ni wa sita. Huku hatakiwi, kule hatoshi. Bila kushindana, shule za skii hazitamtupia hata jicho, na maisha yake yote mtoto huyu hajataka kingine.

Torunn alimfuata kocha Eivind, aliyekuwa akikoroga sufuria ya kakao.

"Hivi hakuna kamwanya kokote?"

"Si uliziba yote mwenyewe, mwenyekiti?" Eivind alicheka. "Nimtoe nani? Huyo wa tano ni mtoto wa dada yako."

Torunn alinywea. Kudai sheria ibadilishwe sasa, kwa ajili ya mwanawe, kungekuwa kujivua nguo mbele ya bonde zima.

"Jumapili tuna shindano la wadogo," Eivind alisema kwa upole. "Aje atufungulie njia."

Mfungua njia hushuka kabla ya wote, ionekane kama mlima ni salama na saa inafanya kazi. Muda wake hauhesabiwi.

Jumapili wazazi waligawana kazi za kujitolea kama kawaida, na Torunn akaangukia kibanda cha saa. Ragna alishuka kwa hasira, akivipita vijiti vya kuonyesha njia kana kwamba vimemkosea. Muda ukatokea kwenye kioo cha saa. Torunn alipaswa kuufuta palepale, lakini mkono ulimgomea. Watoto walishuka, wakaanguka, wakashangiliwa, na hakuna aliyeukaribia.

Baadaye Ragna aliingia, akachungulia kioo.

"Mbona bado upo?"

"Nilitaka uuone, mwanangu. Mkutano ujao nitalisema hili."

"Wakati huo shule zitakuwa zimeshachagua. Futa tu, mama. Huo si muda wa mtu."

Alisema bila ukali, na hapo ndipo Torunn alipoumia. Afadhali angefokewa.

Mlango ulifunguliwa. Mama mmoja alikuwa amemshika mkono mshindi, kasichana kenye pengo la meno.

"Torunn, asante. Bila sheria yako, huyu angekuwa ameshaacha skii."

Ilikuwa kweli, na Torunn alijua.

"Nimemwona Ragna akishuka," kasichana kalisema. "Nikikua nataka niwe kama yeye."

Torunn aligeukia kioo, akabonyeza, muda ukafutika.