Sanduku Lisiloguswa

Kilichomkosesha Chepchirchir raha si kwamba sanduku lilikuwa tupu, bali ni kwamba hakuna aliyewahi kuonekana akiligusa.

Alitundika masanduku matatu ya kondomu za bure pale Olenguruone mwezi wa tano mwaka wa 2007, wiki chache baada ya kuajiriwa na shirika dogo la afya lenye ofisi Nakuru. La kwanza aliliweka kwenye zahanati, la pili kwenye baa. La tatu lilikosa makao, maana mwenye duka alilikataa akisema wateja wake ni watu wa kanisa. Mzee Ephantus, mwenye mashine ya kusaga mahindi, ndiye aliyemwonea huruma akampa msumari na ukuta.

La zahanati lilikaa limejaa mpaka likashika vumbi. La baa lilipungua pole pole. La kwa mashine, lililoning'inia peupe mbele ya foleni ya wanawake, liliisha kila baada ya wiki mbili.

Jamleck, msimamizi wake, hakuona fumbo lolote hapo. Kwake yeye mzee alikuwa anaziuza Molo, basi. Alimpa Chepchirchir hadi Ijumaa: alete maelezo, la sivyo alete sanduku.

Chepchirchir alikuwa ametoka chuoni Njoro mwaka uliotangulia, na bado aliamini kuwa hakuna jambo la watu lisiloeleweka mtu akitulia akatazama. Na kama kulikuwa na mtu anayezihitaji zile kondomu, hakutaka kumnyang'anya kabla hata ya kumjua. Jumatano alinunua nusu debe ya mahindi, akaenda kupanga foleni.

Alitazama mpaka macho yakamuuma. Wanawake walizungumza juu ya viazi, juu ya barabara iliyoharibiwa na mvua, juu ya mwalimu fulani aliyeoa tena, kisha wakamcheka yeye kwa namna alivyoukumbatia mfuko wake kama mtoto mchanga. Kila mmoja alimkabidhi mzee mahindi, akangoja, akabeba unga, akaenda zake. Hakuna aliyelitupia sanduku jicho. Mzee mwenyewe, mweupe kwa unga hadi kope, hakulikaribia.

Ilikuwa karibu saa tisa alipoona jambo. Mifuko mingi ilifungwa kwa kamba ya katani, lakini michache ilifungwa kwa kipande cha kitambaa. Ile ya katani mzee aliifunga pale pale kwenye mizani. Ile ya kitambaa aliibeba kwanza nyuma ya mashine.

Alijiambia ni sadfa tu. Kisha akafungua leso aliyojifunga kichwani, akaufunga nayo mfuko wake, akamkabidhi mzee.

Alipofika chumbani kwake aliufungua mara moja. Juu ya unga palikuwa na furushi dogo la gazeti, na ndani yake kondomu tatu. Aliketi kitandani, magoti yote unga, akacheka peke yake.

Alhamisi alimkuta mzee akipaka mashine grisi, foleni bado haijaanza. Alimweleza alichokipata. Mzee hakushtuka. Alisema mwanzoni alipokea mfuko uliofungwa kwa kitambaa, na juu ya mahindi pamewekwa pakiti tupu ya kondomu. Mwenye macho haambiwi tazama. Nani alimwambia nani baada ya hapo, hajui wala hajauliza. Jioni akishafunga mlango huchukua za kesho yake sandukuni, akazikunja gazetini.

"Na mbona hukuniambia, mzee?"

"Uliniuliza kama zimeisha, nikakwambia zimeisha. Hukuuliza zimeendaje."

Mlangoni mwanamke alikuwa ametua mfuko wake. Alikuwa Njoki, ambaye jana yake ndiye aliyecheka zaidi ya wote. Sasa hakuwa anacheka.

"Unaenda kutuandika?" aliuliza.

Chepchirchir alimwambia ukweli: asipoeleza, sanduku litaondolewa kesho. Njoki aliuvuta mfuko wake ndani, akaurudishia mlango.

"Bwanangu ni dereva wa lori. Anakuja mwisho wa mwezi," alisema. "Nampenda, na yeye mwenyewe amekubali kuzitumia. Lakini hiyo barabara ni ndefu, na nesi wa zahanati ni dadake. Nikachukue hapo na kaka yake yuko safarini, niseme ni za nani?"

Chepchirchir aliaga, akatoka. Alipanda mlima mpaka mahali simu iliposhika, akampigia Jamleck.

"Sasa Chep, umemshika mwizi wako?"

Alimsimulia yote, ila jina la Njoki. Jamleck alisikiliza, kisha akasema ni kazi nzuri, ila fomu inataka watu: majina, au walau umri. Na kwa nini wasibandike bango pale nje, watu wajue?

"Boss, ukibandika bango watapeleka mahindi kusagwa Keringet. Nikikupa jina moja, wiki ijayo hakuna mfuko utakaofungwa kwa kitambaa."

"Sasa mimi nitathibitisha aje?"

Chepchirchir alijua watakavyomcheka ofisini, na kwamba kabla ya wiki kuisha maneno yatakuwa yamemfikia shangazi yake aliyeuza mboga nyuma ya jengo lile lile.

"Niandike mimi," alisema. "Chepchirchir, miaka ishirini na minne, hajaolewa. Nilifunga mfuko kwa kitambaa nikapewa tatu."

Halafu akasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Haya, nimekuandika. Sanduku libaki," Jamleck alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, kama ya mtu anayevuta kiti karibu. "Hebu niambie. Kutoka hapo mpaka Molo, kuna mashine ngapi za kusaga?"

"Mashine naweza kuzihesabu kesho," Chepchirchir alijibu. "Wasagaji wanaojua kunyamaza ndio itabidi niwatafute."