Itoe Ile ya Mwezi

Pius alipoichukua picha yangu ya mwezi na kuilaza kifudifudi mezani, nilijua anaitaka kazi ile kuliko alivyokuwa akijifanya.

"Hii itoe, dada Ng'washi," alisema.

Akavuta picha iliyofuata, akaisifu.

Kila Jumamosi alasiri tulikutana watatu studio kwa Mzee Shigela, Buswelu. Shigela ni mpiga picha wa harusi, ana zaidi ya miaka ishirini kazini; mimi na Pius ndio tulikuwa tunaanza. Siku za wiki mimi nilipiga picha za pasipoti kwenye duka la steshenari, Pius alitengeneza simu Kirumba. Kanuni ya meza ilikuwa moja: unaleta picha zilizochapishwa, unazipanga, unafunga mdomo. Wenzako wanasema, wewe unasikiliza. Hujitetei wala huulizi. Mwishoni unasema asante, na zamu inahamia kwa mwingine. Shigela alituambia picha ikishatundikwa ukutani mwenyewe hasimami pembeni kuieleza, kwa hiyo tuzoee mapema.

Ni kanuni nzuri kwa mtu anayeamini watu. Mimi nimezaliwa Usagara, bara, mbali na ziwa, kwenye kaya ya watu wanaonusa maziwa hata waliyoyakamua wenyewe. Mama yangu akipewa zawadi huigeuza kwanza atazame chini yake.

Na mara hii sababu ya kunusa ilikuwepo. Shirika moja linalochapisha vitabu kuhusu ziwa lilikuwa linatafuta mpiga picha mmoja wa kuzunguka mialo ya mkoa mzima kwa mwaka mmoja, kila mahali mitumbwi inaposhusha samaki. Mmoja tu. Uzoefu haukuhitajika, walitaka picha kumi. Mimi niliomba, Pius akaomba, na tulibakiza siku kumi kuzipeleka. Kwangu ulikuwa mlango wa kutokea kwenye kile kipazia cheupe cha pasipoti, ambako kwa miaka mitatu nilikuwa nikiwaambia watu wasitabasamu.

Picha ya mwezi ndiyo iliyokuwa imebeba matumaini yangu yote. Niliipiga Kayenze, jioni, mwezi mpevu ukichomoza juu ya ziwa. Mbele wamesimama wanawake watatu na ndoo, nyuma yao mitumbwi minne ya dagaa imewasha taa, na mwezi umekaa katikati kabisa. Sitaki kuficha kwamba niliipanga. Nilipofika, mitumbwi yote ilikuwa imevutwa mchangani na wavuvi wanashona nyavu, nikaona ni bahati, watu wana nafasi. Nikawaomba wanne waingie majini kidogo na kuwasha taa.

"Dada, taa na mwezi huu?" mmoja aliuliza.

Nikasema ndiyo. Wakatazamana, wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Wale wanawake nao walicheka nilipowapanga na ndoo zao. Nilichukulia kwamba wanamcheka mwanamke wa bara mwenye kamera, nikawaacha wacheke, maana niliyekuwa na picha ni mimi. Na kupanga nilifundishwa na Shigela mwenyewe. Hata bibi harusi huambiwa ageuze shingo.

Pale mezani Shigela aliigeuza tena ile picha, akaishika kwa mikono miwili. "Mbona hii ndiyo yenyewe, Pius? Hii inatundikwa benki. Kwa nini itoke?"

Pius alijikuna shingo. Ni mtu wa Nansio, kisiwani, mpole, sauti yake huisikii mpaka uinamie. "Haifai tu, mzee," alisema. "Basi."

Haifai tu! Mtu mwenye sababu huisema. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa ngozi ilikuwa ikivutwa mbele ya macho yangu na sikuruhusiwa kuuliza. Nikasema asante. Nililisema nikitazama ukuta.

Zamu ikawa yake.

Nisingependa kusema lolote kuhusu picha ya nne ya Pius, lakini bila hiyo hakuna ninachosimulia. Ni mwanamke wa makamo amelala kwenye feri ya Nansio, kichwa kwenye gunia la machungwa. Mdomo uko wazi kidogo. Mkono mmoja umeangukia sakafuni, kiganja juu, na ndani ya kiganja kuna chungwa moja ambalo hakuliachia hata usingizini. Hakuna mwezi, hakuna taa. Niliitazama nikatamani ingekuwa yangu. Ulikuwa wivu, siuiti jina jingine.

"Itoe," nilisema. "Inaonekana umemwibia mama wa watu usingizi wake."

Nilijivunia sentensi ile. Ilikuwa na sura ya hekima. Shigela alinitazama kwa mshangao, lakini Pius aliandika kwenye daftari lake na, kwa kuwa kanuni ni kanuni, hakujitetea. "Asante, dada," alisema. Yeye alinitazama usoni alipolisema.

Jioni hiyohiyo akaniandikia ujumbe: "Kuna jambo kuhusu ile ya mwezi. Si la kusema mbele ya watu. Naomba nikupigie."

Nikausoma mara tatu. Jambo gani jema haliwezi kusemwa mbele ya watu? Akapiga. Nikaitazama simu ikitetemeka juu ya kitanda mpaka ikanyamaza. Jumapili akapiga tena, nikaigeuza kifudifudi, kama alivyoigeuza picha yangu. Nilikwisha kujua atakachosema. Atanibembeleza kwa sauti ile ya chini mpaka nilegee, niitoe, nibaki na tisa za kawaida.

Jumatano nilimwona. Nilikuwa nimetumwa mjini kufuata karatasi za duka, nikapita karibu na kivuko, na huyo Pius, siku ya kazi, kamera shingoni na bahasha ya kaki kwapani, anapanda feri ya Nansio. Hakuniona. Nilisimama juani nikijiuliza ni nini kinachomfanya fundi simu afunge meza yake Jumatano. Nikapata jibu haraka, maana majibu ya aina hiyo kwangu hayachelewi: anakwenda kwao, kwenye mitumbwi ya kwao na ndugu zake, akapige ile ile ya kwangu. Ndiyo maana alitaka niitoe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilirudi dukani nikapiga pasipoti kumi na moja kwa hasira. Hakuna hata mteja mmoja aliyethubutu kutabasamu.

Siku ya kuonyesha picha ilikuwa Jumanne. Ofisi ya shirika ilikuwa ghorofani, dirisha linatazama ziwa, na mwamuzi alikuwa mama mmoja wa miaka sitini hivi, Mama Dorcas Adongo, mhariri wa vitabu vyao. Niliitwa kwanza. Pius alibaki kwenye benchi la nje. Alifungua mdomo aniambie kitu, nikapita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alizipitia taratibu, moja moja. Kwenye picha ya kinyozi wa chini ya mwamba alitikisa kichwa kwa kuridhika, na kwenye ya wasichana wanaoosha sare ziwani akaniuliza nilisimama wapi. Kisha akafika kwenye mwezi, akavua miwani.

"Hii wapi?"

"Kayenze, mama."

"Na hizi taa za nini?"

"Wanavua dagaa."

Aliiweka picha chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mimi ni mtu wa Shirati," alisema. "Baba yangu alikuwa na mitumbwi ya dagaa. Dagaa anaifuata taa kukiwa na giza, mwanangu. Mwezi ukijaa hivi, ziwa lote ni taa, yako ataifuata ya nini? Siku za mbalamwezi mitumbwi inalala. Watu wanashona nyavu, wanakwenda kusalimia wakwe. Mimi mwenyewe niliolewa mbalamwezi, maana ndizo siku wanaume wote walikuwa nchi kavu." Akagusa wale wanawake kwa ncha ya kidole. "Na hawa wenzangu wanasubiri nini na ndoo jioni? Dagaa wanashushwa alfajiri."

Nikasikia tena kile kicheko cha Kayenze. Dada, taa na mwezi huu? Walikuwa wameniambia. Kila mtu alikuwa ameniambia.

"Niliipanga, mama," nilisema.

"Najua. Bibi harusi ukimpanga si kosa, kila mtu anaona amepangwa. Lakini vitabu vyetu vinasomwa mialoni. Wataifungua hii wacheke, na wakishacheka hawatasadiki ukurasa mwingine." Akazikusanya zile tisa, akazigonga zikae sawa. "Hizi zimenipendeza. Ila sasa, hii ikiwa umeitunga, hizi nizisadiki vipi?"

Nilizitazama zile tisa mkononi mwake.

"Hakuna mtu wa ziwani aliyeiona akakuonya?"

"Yupo," nilisema. "Alinionya."

Nilitoka na bahasha yangu. Pius alikuwa bado kwenye benchi, na bahasha mbili magotini. Akasimama.

"Pole, dada. Uliiacha ile ya mwezi kwenye kumi zako?"

"Kwa nini hukusema pale pale mezani?"

"Mbele ya Mzee Shigela?" Alishangaa kweli. "Alikuwa ameisifia. Ningesema, ningewaaibisha wote wawili. Ndiyo maana nilikupigia."

Nikaziangalia zile bahasha mbili. Nikauliza, "Yule mama wa feri yuko wapi?"

Akagusa bahasha ya pili. "Nilimtoa. Uliposema nimemwibia usingizi nilikosa raha kabisa. Jumatano nikavuka kwenda Nansio kumtafuta sokoni, nimpe nakala yake, nimwombe radhi. Alicheka mpaka watu wakajaa. Akasema nimwonyeshe popote, ila nitangaze kwamba hakoromi." Alitabasamu. "Lakini wewe ulisema itoke, na wewe una jicho. Nikaweka ya soko."

"Irudishe."

"Si ulisema..."

"Nilisema uongo, Pius. Niliona wivu. Ni nzuri kuliko zangu zote kumi. Irudishe sasa hivi."

Tabasamu lilimpotea. Macho yake yakanipita usoni taratibu, yakitafuta kilichofichwa chini. Niliufahamu mtazamo ule. Ni wa mama yangu akipokea zawadi. Ni wangu.

"Unaniambia leo," alisema polepole. "Hapa mlangoni. Baada ya wewe kutoka."

"Ndiyo."

Wakamwita. Akasita kidogo, akaiweka bahasha ya pili kwenye benchi, akaingia na ile ya kwanza.

Nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kurushiwa picha mezani kwa sababu mtu hakuipenda pua yake. Hakuna lililonichoma kama bahasha ile iliyoachwa pale. Kijana huyu alikuwa ameamini kila neno langu la uongo hata akavuka ziwa kwa ajili yake, na siku niliyosema kweli nilikuwa nimeshamfundisha kutoniamini.

Niliichukua, nikafungua mlango. Sikupiga hodi. Tangu nizaliwe sijawahi kuingia mahali bila hodi.

"Samahani, mama," nilisema, nikaitoa picha na kuiweka mbele yake, juu ya nyingine. "Hii ni ya kwake. Alikuwa ameiweka kwenye kumi zake, mimi nikamwambia aitoe, na nilikuwa namdanganya. Ndiyo bora kuliko zote."

Mama Adongo alitazama picha, akanitazama mimi. "Binti, nusu saa iliyopita umeniletea mwezi wa uongo. Hili nalo nikuamini vipi?"

Sikujitetea. Nilisimama tu, mdomo nimefunga, kama mezani.

Pius ndiye aliyesema. "Hilo mwamini, mama," alisema kwa sauti yake ile ndogo. "Tangu tujuane, huyu dada hajawahi kunisifia picha hata moja."

Mama Adongo akacheka, akavaa miwani, akaivuta picha karibu. Alipofika kwenye kile kiganja na lile chungwa aliacha kucheka. Nikasema asante, nikatoka.

Ijumaa nilikuwa nimemketisha mzee mmoja mbele ya kipazia cheupe simu ilipotetemeka mfukoni. Alikuwa Pius. Niliipokea kabla haijatetemeka mara ya pili.

"Nimepata," alisema. Kisha akaongeza, "Kesho njoo na zile tisa. Ile ya kinyozi ina tatizo, na safari hii nitalisema mbele ya watu."

"Liseme," nilimjibu.

Mzee kwenye kiti aliniuliza kama anaruhusiwa kutabasamu. Nikamwambia hapana, pasipoti haikubali, lakini nilimpiga moja ya ziada akitabasamu, ya kwake.