Leba ya Victoria

Mzee Asheri wa Suji anajua Kiingereza, na ubaya wake ni kwamba hakubali kufundishwa. Alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mkonge kule tambarare, akisikia wanyapara wakipayuka kila alfajiri: leba hawatoshi, leba wapande trekta, leba wapewe mapanga. Kwa hiyo kwake leba ni watu wa kibarua, basi. Ukimwambia neno hilo lina maana nyingine, atakuuliza wewe ulikata mkonge shamba gani.

Asubuhi moja mkwewe Ezra akampigia simu kutoka Same. Kwetu mtandao ni wa kubahatisha, na mzee alikuwa amepanda juu ya jiwe la nyuma ya kanisa, maana ndipo unaposhika. Mimi nilikuwa karibu napepeta maharage, nikamsikia akipiga kelele, "Nani? Victoria? Leba? Leba imekuwa ngumu? Watu? Mnataka watu? Haloo! Haloo!" Simu ikakatika. Akajaribu kupiga tena, wapi.

Nikueleze kabisa, usije ukahangaika kama tulivyohangaika sisi. Victoria, binti yake wa pekee, alikuwa wodi ya wazazi, ile ambayo hospitalini wanaiita leba. Uchungu ulimshika tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya, na ilibidi apasuliwe. Damu ya kundi lake ilikuwa imebaki kidogo, na daktari alitaka watu waje kuchangia upesi. Ezra aliyasema yote hayo. Neno "damu" ndilo lililopotelea njiani.

Na mimba yenyewe hatukuijua. Victoria alishatuambia mara mbili kwamba ana mimba, na mara mbili akarudi kutuambia kwamba haipo tena. Safari hii alinyamaza. Tangu masika hakupanda mlimani, akasingizia ujenzi. Tulichojua ni kwamba yeye na mumewe wamepata kiwanja mjini na wanataka kuchimba msingi. Ungekuwa wewe ungefikiria nini?

Mzee akashuka jiweni kwa haraka. "Koleta, mwanangu amekosa leba. Ana msingi wa kuchimba na huko mjini watu hawapatikani. Pembe ipigwe."

"Baba Victoria, msaragambo ni kazi ya kijiji, ya barabara na mifereji," nikamwambia. "Tangu lini tukaenda msaragambo kwenye kiwanja cha mtu Same?"

"Victoria si mtoto wa hapa? Wakati tunajenga zahanati, si alibeba mawe na wenzake?"

Hapo akanishinda. Tena mama yake alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka nywele za shule, na yule mtoto alikuwa na kichwa kigumu cha kusuka kuliko wote. Nampenda, sifichi. Pembe ikapigwa. Kwetu pembe ya msaragambo ikilia mtu haulizi maswali mengi, anachukua jembe. Nilikuwa na sufuria kubwa ya makande jikoni, nikaifunga kwa kanga na kujitwika, kwa sababu watu hawachimbi kwa njaa.

Hamidu alikuwa anapeleka ndizi Same kwa Fuso lake. Alikataa kutuchukua, tukapanda hivyo hivyo, akaona bora aendeshe. Tukashuka mlima tumekaa juu ya mikungu, majembe, sururu na makoleo yanagongana, nyimbo zinaimbwa. Yunus, mpasua mawe wetu, alijigamba kwamba msingi wote ataumaliza peke yake kabla ya chai.

Makanya simu ikashika. Mzee akapayuka kushinda injini, "Ezra! Tunakuja! Tuko wengi!"

Ezra alikuwa kama analia kwa furaha. "Mungu awabariki, baba! Njooni moja kwa moja hospitali!"

Mzee akatugeukia. "Kumbe kiwanja chenyewe kiko karibu na hospitali. Wamepata pazuri."

Tukafika getini tukiimba. Mlinzi akatutazama, akayatazama majembe, akayatazama makoleo, halafu akavua kofia.

"Poleni sana, wafiwa," akasema. "Mochwari ni kule nyuma."

Wimbo ukakatika. Kabla sijamjibu nikamwona Ezra anakuja mbio kutoka ndani. Alipoona zile zana mabegani mwetu akakaa chini palepale kwenye kokoto.

"Nani amewapigia?" akauliza. "Mimi nimetoka mlangoni kwake sasa hivi. Amekufa saa ngapi?"

"Amekufa nani?" mzee akauliza, na jembe likamponyoka.

"Si Victoria? Ninyi mmekuja na makoleo!"

"Victoria amekufa?"

Wote wawili wakawa wanaulizana na hakuna wa kujibu. Akina mama wakaanza kushika vichwa. Mimi nilihisi sufuria imekuwa nzito kuliko mlima wenyewe, nikaitua.

Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja aitwaye Resian, binti wa wafugaji wa tambarare, mrefu, sauti yake inasikika ng'ambo ya pili. "Hakuna aliyekufa hapa!" akasema. "Victoria yuko leba, anajifungua. Tunataka damu yenu. Majembe hatuyataki, yawekeni kwenye uzio."

Mzee Asheri akamtazama. "Leba si watu wa kazi?"

"Baba, humu ndani ni mtu mmoja na anafanya kazi ya watu wote hao uliowaleta. Nani anaanza?"

Niliumia kwamba Victoria hakuniambia. Kisha nikamfikiria yuko mle ndani na hofu yake peke yake, nikajiona mjinga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikakunja mkono wa gauni nikaenda mbele.

Majembe yakapangwa uzioni, watu wakapanga foleni. Yunus mpasua mawe aliiona sindano, akasema hewa ya mjini ni nzito, akaanguka chali. Akina mama waliotoa damu wakampepea kwa kanga na kumcheka mpaka akaamka, na kwa aibu akarudi kwenye foleni akiwa amefumba macho. Damu yake ilikuwa nzuri tu.

Zamu ya mzee ikafika. Alishavua na koti.

"Shikamoo, baba," akasema Resian. "Una miaka mingapi?"

"Marahaba. Hamsini na kitu."

"Kitambulisho unacho?"

Mzee akakohoa. "Basi andika sabini na kitu."

"Umri umepita, baba. Pumzika tu."

"Ni mwanangu yule."

"Najua, baba."

Sijawahi kumwona Mzee Asheri amenywea vile. Aliweka koti begani, akasimama pembeni na wazee wenzake waliokataliwa, mikono haina la kufanya. Kisha nikamsikia anamwuliza Ezra, "Huo msingi uko wapi?"

Ezra akaelekeza kwa kidole, nyuma ya mashine ya kusaga. Wazee wakachukua majembe na sururu zao, wakaenda. Hakuna aliyeimba.

Sisi tuliobaki tulikula makande chini ya ukuta, maana ukitoa damu sharti ule, na Resian naye akaja na kibakuli chake. Victoria alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Nilikuwa natafuna bila kusikia ladha. Kila mlango ulipolia nilisimama.

Alasiri Ezra akatoka. Akaonyesha tu kwa mikono, kitu kidogo hivi.

"Na mama yake?" nikauliza.

"Mzima," akasema. "Wote wazima. Ni binti."

Nilipiga kigelegele mlinzi akaja mbio. Halafu nikakaa nikalia, wala sikujificha.

Wenzetu walirudi mlimani na Fuso. Kesho yake asubuhi mimi na Mzee Asheri tukaruhusiwa kuingia. Mzee alikuwa amelala kwenye kiwanja, udongo mpaka kwenye nyusi, na Resian akamrudisha mara mbili akanawe. Msingi ulikuwa umechimbwa pembe zote, umenyooka. Alipopewa mjukuu wake alisimama wima kama anaapishwa, anaogopa hata kupumua.

Victoria alikuwa amelegea, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. "Baba, nasikia ulinijia hospitali na majembe."

"Niliambiwa una leba ngumu," mzee akasema, macho chini. "Nikadhani ni kazi kubwa na watu hawatoshi."

Victoria akacheka, akashika mshono kwa maumivu, akacheka tena. Kisha akamshika baba yake ule mkono wenye malengelenge.

"Ulisikia sawasawa, baba," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Machozi yalimshuka mzee yakafika kidevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta kwa sababu mmoja umeshikwa na mwingine una mtoto. Mwishowe akanigeukia.

"Umesikia, Koleta? Nilikwambia hilo neno mimi nalijua."