Maoni ya Mke wa Fundi Mitambo

Gari la matangazo lilipopita likiwaita wananchi ukumbini kutoa maoni juu ya mpango wa umeme wa mkoa kwa miaka mingi ijayo, mshonaji alijua nyumbani kwake hapatakalika. Jambo kubwa katika mpango huo lilikuwa mtambo wa dizeli: uendelee, au uzimwe kidogo kidogo, umeme wa jua na upepo uchukue nafasi yake. Mumewe alikuwa fundi wa mtambo huo tangu hawajaoana.

Mshonaji alishaacha kuanika nguo nyeupe za wateja nje, maana masizi ya mtambo hayakuwa na adabu. Mama mkwe, aliyeishi nao, alilala ameketi kwa sababu ya kifua. Lakini mezani hakuna aliyeutaja mtambo kwa ubaya. Ndio uliowalisha.

Siku ya kikao mafundi walijaza safu za mbele wakiwa na ovaroli zao, mumewe katikati. Mshonaji alikaa nyuma, akijiambia amekuja kusikiliza tu. Akasimama mfanyabiashara mmoja, akasema habari za moshi ni porojo za watu wasio na kazi. Mkono wa mshonaji ukainuka kabla mwenyewe hajaamua.

"Mume wangu yule pale mbele, anafanya kazi kwenye mtambo," alisema. "Nataka uzimwe. Ila kabla haujazimwa, yeye na wenzake wafundishwe kazi ya hiyo mitambo mipya. Mama mkwe wangu halali usiku."

Watu wa nyuma wakapiga makofi. Mbele hakuna aliyegeuka. Mshonaji alitoka upesi, njia nzima akipanga jinsi ya kujitetea.

Mumewe alirudi jioni, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha cherehani. Mshonaji alimuuliza kama amekasirika.

"Mama watoto, mimi nikikohoa bafuni huwa nafungulia maji ili usinisikie."

Mshonaji alimkodolea macho. "Kumbe! Na mimi kila siku nakugombeza unamaliza maji."

Hapo wote wawili wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Mume akamweleza kwamba mkewe alipoondoka tu ukumbini, mafundi walianza kusimama mmoja mmoja wakidai mafunzo yale yale, na yeye akiwemo. Kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aanze. Kutoka chumbani mama mkwe akauliza kama sasa ruhusa ya kukohoa kwa sauti imetoka rasmi.

Usiku ule mshonaji alikula akashiba, jambo ambalo hakulifanya tangu gari la matangazo lipite.

Mpango ulipopitishwa, ulisema mtambo utazimwa kwa awamu, mafunzo yakitangulia. Mume aliingia kundi la kwanza. Akawa anarudi akilalamika kwamba madawati ni madogo na mwalimu ana umri wa mwanawe, kisha anafungua daftari na kumweleza mkewe yote aliyojifunza, atake asitake.