Zamu ya Watu wa Kazini

Kwetu hakuna maombi ya msiba yasiyo na zamu ya watu wa kazini. Mchungaji huwaita, wanasimama, mmoja wao anaongea, na hapo ndipo ukoo mzima unajua kama wewe una maisha ya maana mjini au unazurura tu. Mama alipofariki nilimlilia, na katikati ya kulia nikaiwaza zamu hiyo. Nilijichukia, lakini niliiwaza.

Ndugu yangu Mutie ni dereva, na madereva wenzake wangejaza hema. Mimi husikiliza mikutano ya watu wa ng'ambo na kuiandika neno kwa neno kwenye kompyuta. Bosi wangu sijawahi kumwona hata uso. Miaka miwili niliifanya kazi hiyo kitandani, chumbani kwangu mtaa wa Tassia, mgongo ukiniuma, na siku nyingine jioni ilifika sijaongea na mtu isipokuwa muuza mboga. Shangazi Mbinya akawa anawatangazia watu, "Huyo wetu hana kazi, anashinda ndani."

Mwaka huu nilihamia kwenye ukumbi wa meza za kukodi, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kila mtu na kompyuta yake, kila mtu na bosi wake. Jirani yangu mezani ni Sylvance, mtu wa kelele, anayecheka na simu mpaka napoteza maneno ninayoandika. Ananiudhi sana. Lakini mgongo ulipona, chai tunakunywa pamoja, na asubuhi nina sababu ya kuchana nywele. Nilimpigia yeye peke yake kumwambia mama hayupo tena, na maombi ni wapi. Nikaongeza, "Lakini msijisumbue." Nilisema hivyo ili nisije nikawangoja.

Hemani, nje ya nyumba ya shangazi, wenzake Mutie walisimama, wakaimba, wakaketi. Mchungaji akanigeukia.

"Na wa kazini kwa Ndanu?"

Shangazi akampungia mkono aendelee.

Ndipo viti vikakwaruza huko nyuma. Watu sita walisimama, Sylvance mbele, shati limechomekwa vizuri. Wengine hata majina yao kamili siyajui.

"Ni kampuni gani?" mchungaji akauliza.

"Pastor, hatuna kampuni moja," Sylvance akasema kwa sauti ya chini, nisiyoijua. "Kila mtu ameandikwa kazi kwake. Lakini tunakaa na Ndanu kila siku. Siku hospitali ilimpigia, alitoka mbio akaacha sweta yake kwa kiti. Bado iko hapo. Watu wanakuja kukodi hiyo nafasi, tunawaambia iko na mwenyewe. Pole sana, dada yetu. Tunakungoja."

Nilikuwa nimejikaza tangu mochari. Hapo nikashindwa. Nililia kwa sauti mbele ya ukoo mzima, na wale sita wakaja wakanishika.