Leo Mmesoma Nini, Kokila?

Vumbi la chaki lilielea kwenye mwanga wa dirisha, jeupe, jepesi, halina haraka. Kokila alilitazama vumbi ili asiutazame ubao. Ubaoni Mwalimu Efrazia alikuwa ameandika: Wahindu huabudu ng'ombe. Wahindu wana matabaka. Basi. Mito yao, taa zao, nyimbo za mama yake za alfajiri, vyote vilimalizwa kwa mistari hiyo miwili kabla kengele haijalia.

Darasa la sita zima likageuka kumtazama. Na wakacheka! Watoto ambao baba zao humwita ng'ombe kwa jina na kumlilia akifa, hao ndio waliocheka. Kokila akanyoosha mkono kusema kuna na mengine.

"Keti, Kokila," mwalimu akasema, bila ubaya. "Hayo mengine hayamo kwenye mtihani."

Nyumbani, nyuma ya duka la mwisho la Kihindi pale Dongobesh, baba yake alikuwa amelala, mgonjwa wa kifua. Mkoa ulikuwa mpya, Manyara, na biashara ilikuwa huria. Bidhaa zilikuja kwa malori ya watu wengine, na rafu za baba zilibaki na chumvi na viberiti. Ndugu zake walikwishahama, huyu Uingereza, yule Kanada. Yeye alikataa. Alizaliwa hapa, alisema, na atamalizikia hapa.

Leo mmesoma nini, Kokila? Aliuliza kila jioni.

Na mtoto angejibu nini, jamani? Akadanganya. Leo tumesoma Mto Ganga, baba. Leo tumesoma sikukuu ya taa. Leo tumesoma kwamba mtu wetu akifa hapewi udongo, hupewa moto, na moto humfungulia njia. Mzee akatabasamu mpaka kikohozi kikamwachia.

"Basi watoto wa jirani yetu Hhando, mnaosoma nao, wanajua. Basi na Hhando anajua. Siku yangu ikifika hamtahangaika." Akalala usingizi mzuri juu ya uongo ule.

Siku yake ikafika na masika. Barabara ya Arusha ilikuwa imekatika, hakuna gari la kumpeleka maiti mjini wala la kuwaleta Wahindu wenzao. Asubuhi Kokila akatoka uani, akakuta wanaume wamejaa udongo mpaka magotini. Hhando, jirani yao, rafiki wa baba tangu ujana, alikuwa ndani ya shimo, jembe mkononi, analia huku anachimba. Hakuna aliyewaita. Huku haitwi mtu kuchimba kaburi la jirani. Watu huja wenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Tumekutana na mwamba, lakini tumeushinda."

Ewe wema, unaumiza namna gani! Kokila alitamani shimo lile limmeze yeye. Akawaambia. Akasema moto, akasema kuni, akasema ndivyo walivyokwenda babu zake wote. Majembe yakasimama.

"Tumchome Baba Kokila?" mmoja akauliza. "Kwa mila yetu, mvua si itatukimbia?"

Kokila akamgeukia Mwalimu Efrazia, aliyesimama na akina mama. "Mwalimu, waambie. Wewe watakusikia."

Mwalimu alitafuta kichwani la kuwaambia. Alikuwa na ng'ombe na matabaka tu.

Hhando akapanda kutoka shimoni, akamshika bega. "Mwanangu, kuni za kupikia nitakupa mwaka mzima. Za kumchoma rafiki yangu, hapana. Mikono yangu itakataa."

Mama yake Kokila alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Jua likapinduka. Kokila aliomba, akaapa, akapiga magoti kwenye matope, na wakamwinua kwa upole, kila mara kwa upole, kisha wakamshusha baba yake ardhini.

Ndipo akakimbia jikoni. Akachota majivu ya moto ule uliopika uji wa mwisho wa baba, akarudi, akammwagia. Moto mwingine wa kumpa hakuwa nao. Hhando akatazama, akaelewa kwa namna yake, akaenda jikoni, akachota na yeye, akamwaga kwa mikono miwili. Wakafuata wote, wamevua kofia, mpaka jiko likabaki tupu. Walidhani ndiyo mila. Kokila hakuwa na nguvu ya kuwakataza.

Matanga yakaisha, kipindi cha Historia kikarudi. Mwalimu Efrazia aliingia macho mekundu. Chini ya ng'ombe, chini ya matabaka, akaandika polepole, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo: Wahindu huzika wafu wao kwa majivu.

Akageuka kumtazama Kokila, akingoja afurahi. Safari hii hakuna aliyecheka. Darasa zima waliinama, wakanakili.

Kokila akanakili. Vumbi la chaki likashuka kwenye mwanga, jeupe, jepesi, likatua mkononi mwake kama majivu, na hakulipangusa.

Jioni alisimama mlangoni pa duka, mkoba begani, akingoja kuulizwa.