Meno Mawili ya Maruli

Rotua alikuwa akitwanga kisamvu nyuma ya nyumba aliposikia Tiominar, binti yake wa miaka saba, akipiga yowe. Akatoka mbio na mchi mkononi. Bonar, mumewe, alikuwa amemkamata mtoto nywele. Nyuma yake kaka wawili wa Bonar, Saut na Poltak, walikuwa juu ya pikipiki zinazonguruma, magurudumu yamekanyaga kahawa iliyoanikwa.

Miaka sita mwanamume huyu alikuwa mjini Pekanbaru. Katika miaka sita alikuja mara tatu, na Rotua alizikumbuka zote. Ya kwanza alilala amelewa, akaondoka alfajiri. Ya pili alikuja kumzika baba yake, akaupita mlango wao bila kubisha hodi. Ya tatu alimwita mtoto kwa jina la binti wa jirani. Sasa mwanamke wake wa mjini hazai, ndipo ubaba umempanda kichwani.

"Mwachie!"

"Nimwachie kama nani? Mtoto ni wa ukoo wetu. Wewe ulimbeba tu."

"Nilimbeba, nikamlisha, nikamuuguza surua. Wewe ulibeba nini, chupa?"

Poltak alicheka. Bonar akamtandika Rotua ngumi, damu ikamruka puani. Rotua akazungusha mchi bila kuona. Ukampata Poltak kwenye kiwiko, kicheko kikakatika. Saut akampokonya mchi na kumbwaga chini, Bonar akamkanyaga mkono mpaka vidole viwili vikalia kama kuni kavu.

Majirani walijaa vibarazani. Hakuna aliyeshuka ngazi.

"Mpe tu, Rotua, usijiue," mama mmoja alisema. "Ndiyo mila."

Mila! Mila inaijua sana njia ya kuja kuchukua. Njia ya kuja kulea iliisahau miaka sita.

Rotua alitambaa, akaung'ang'ania mguu wa mtoto. Bonar akampiga teke la mbavu. Akaongeza la pili. Mguu ukamponyoka, na Saut akampakia Tiominar kwenye pikipiki.

Hapo akatokea Maruli, kaka yake Rotua, mbio kutoka shambani, mikono mitupu, tope hadi magotini. Akasimama mbele ya pikipiki.

"Shemeji, mshushe mtoto."

"Pisha, shemeji. Sina ugomvi na wewe," Bonar alisema.

"Basi niue kwanza."

Bonar akavua kofia yake ngumu ya pikipiki, akamshindilia nayo mdomoni. Maruli akaanguka magotini. Meno mawili yakadondoka juu ya kahawa.

Yule mama kibarazani akashika kichwa. Kwao, mke unaweza kumpiga mchana kweupe, watu wakatazama. Lakini waliokupa mke huwapandishii hata sauti. Uzazi, mpunga na mifugo ya ukoo wako wote vinategemea baraka za mikono yao. Bonar alikaa mjini hadi akasahau. Saut hakusahau.

"Mbwa wewe, umefanya nini?" Akamrukia mdogo wake, ngumi juu ya ngumi. "Mke wangu ana mimba! Mke wangu ana mimba, na wewe unamtoa shemeji damu!" Poltak, mkono ukining'inia, akaongeza mateke.

Rotua aliwatazama akiwa chini. Pua yake, mbavu zake, vidole vyake havikumshtua mtu. Meno mawili ya mwanamume yamewatia wazimu wote.

Saut akamshusha Tiominar, akapiga magoti. "Shemeji, tusamehe. Taja lolote. Tutaleta nguruwe wa kuomba radhi."

Maruli akatema damu. "Muulize dada yangu."

Rotua alikuwa keshamkumbatia mtoto. "Nguruwe mtamchinja hapa hapa, kijiji kizima kipate kula. Na kabla mtu hajatia tonge mdomoni, Bonar atasimama aseme Tiominar anakaa kwa nani. Asiposema, kaka yangu hapokei nyama yenu, na baraka mtazitafuta Pekanbaru."

"Mwanamke hawezi kuni..." Bonar alianza. Saut akamziba mdomo kwa kofi.

"Atasema, shemeji," alimwambia Maruli.

"Niambie mimi," alisema Rotua.

Saut akageuka taratibu, kama mwenye shingo mbovu.

"Atasema, Mama Tiominar."